Maziwa hayatibu vidonda vya tumbo

Tumbo likianza kuwaka moto, wengi nyumbani hukimbilia kikombe cha maziwa. Zamani hata madaktari walishauri hivyo. Maziwa hutuliza kweli, ila kwa muda mfupi. Baadaye protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi.

Kwa anayesafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zake zimeshindwa kazi, kuna zaidi. Kikombe cha mililita 250 kina takriban miligramu 230 za fosforasi na zaidi ya 300 za potasiamu, na bado kinahesabiwa kwenye maji aliyopangiwa kwa siku. Fosforasi ikirundikana hudhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa ya damu. Potasiamu ikipanda sana huweza kusimamisha moyo. Protini anaihitaji, tena kuliko mtu mzima wa afya, lakini ute mweupe wa yai humpa bila mzigo mkubwa wa fosforasi.

Chanzo kikuu cha vidonda ni bakteria Helicobacter pylori (Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo) pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki. Hayo hayaondolewi na chakula chochote. Hata dawa za kupunguza asidi za dukani si za kujinunulia: nyingi zina magnesi au alumini, ambazo figo zilizoshindwa kazi haziwezi kuzitoa.

Choo kikiwa cheusi kama lami, huenda damu inavuja tumboni: nenda hospitali mara moja, na umwambie muuguzi kabla ya kuunganishwa mashine. Heparini inayotumika humo kuzuia damu isigande huweza kuzidisha kuvuja kwa damu tumboni.