Gini, sado na miaka 17

Kila muhula hapa Dodoma lazima mwanafunzi mmoja aniulize: mwalimu, tukuze uchumi kwanza au tugawane kwanza? Zamani nilijibu kwa maneno mengi. Siku hizi natoa kikokotoo.

Mwaka 1976 Amartya Sen, mchumi wa India, alipendekeza kipimo chepesi cha ustawi: chukua pato la wastani, zidisha kwa moja kutoa Gini. Gini ni namba kati ya sifuri na moja. Sifuri, wote wanapata sawa. Moja, mtu mmoja kachukua chote. Ya Tanzania, kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2018, ni kama 0.40. Yaani kila shilingi 100 za wastani zinahesabika 60.

Tuseme Gini ilikuwa 0.34 ikapanda hadi 0.40. Hapo 66 imekuwa 60. Pato la kila mtu likikua kwa asilimia 3 kwa mwaka, pengo hilo linazibwa kwa miaka mitatu na ushee. Na tukigawana sawasawa kabisa (sijui nchi iliyowahi), tunatoka 60 hadi 100, basi, imeisha. Ukuaji ule ule unafika hapo kwa miaka 17 hivi, halafu unaendelea. Ndiyo maana ukinibana nasimama na ukuaji.

Shida ni kwamba wastani hauli. Kati ya 2011/12 na 2017/18 uchumi wetu ulikua kwa karibu asilimia 6 kila mwaka, ila umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu.

Pale soko la Majengo nina mama ninayenunua kwake mtama, anapima kwa sado. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, waliokuwa na viwanja wamenufaika. Yeye ni mpangaji. Kwake mji kukua kumemaanisha kodi kupanda. Elfu kumi mkononi mwake ni madaftari na sabuni ya mwezi. Kwa mwenye nyumba wake ni vocha ya simu. Kikokotoo changu, kikikuza wastani, hakiulizi elfu kumi hiyo imeangukia kwa nani.

Juzi nilimweleza ile miaka 17. Akasawazisha mtama kwa kiganja, akaniongezea konzi moja.

"Mwalimu, huyu wangu wa mwisho yuko darasa la pili."

Nikapiga hesabu: atakuwa na miaka 25.