Bando Limekwisha, Wi-Fi Bado Ipo

Mjini Moshi mtu akikwambia "mtandao umekata", mara nyingi bando ndilo limekwisha. Rauta, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi, bado inawaka taa zake na laptopu mbili za sebuleni bado zinaonana. Wi-Fi ni njia ya vifaa kuongea na rauta humo ndani; intaneti ni ya nje, na ndiyo inayokula bando. Wanaochanganya hivyo viwili ndio wanaolipia mambo ambayo nyumbani kwao ni bure. Haya ndiyo maneno yao, na majibu yangu.

"Kuhamisha faili toka kompyuta moja kwenda nyingine kunakula bando."

Hakuli. Ukishafungua folda ya pamoja, yaani folda ambayo kompyuta nyingine za nyumbani zinaweza kuifikia, faili linapita kwenye rauta na kuishia humo humo. Kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, video ya GB 2 inahama kwa dakika tatu hivi. Ukimtumia kwa WhatsApp ndugu yako aliye chumba cha pili, hapo video imetoka nje ya nyumba kupitia intaneti ikarudi, na bando limekatwa mara mbili: kupandisha na kushusha.

"Mistari ya Wi-Fi ikijaa, intaneti iko vizuri." Mistari hiyo inapima mawimbi kati ya simu na rauta, basi.

"Chumba cha nyuma hakipati, ngoja niongeze kifurushi."

Hiyo ni kupoteza pesa bure. Tatizo ni ukuta wa tofali za bloku, na zege lenye nondo kama nyumba ni ya ghorofa. Mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 5 yana kasi lakini hufia ukutani; ya GHz 2.4 yanapenya zaidi, ila yanagongana na rauta za majirani. Itoe rauta nyuma ya televisheni, iweke juu, katikati ya nyumba. Ikishindikana, vuta waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hadi rauta ya pili. Waya huo unafika mita 100. Desemba, ukoo mzima ukirudi kutoka Dar na kila mmoja anaulizia nenosiri, utauona umuhimu wake.

"Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ni ya kulipia, na bila intaneti haifanyi kazi."

Hapa ndipo watu wanapokosa mengi. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa Whisper, ikaachia bure programu na modeli zake, yaani mafaili yenye ujuzi wa lugha, na Kiswahili kimo. Kuna toleo lake jepesi, whisper.cpp, linalokwenda hata kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha. Modeli ndogo kabisa ina MB 75 hivi, ya kati GB 1.5, kubwa karibu GB 3. Unaishusha mara moja, kisha unaweza kuchomoa intaneti. Kwa Kiswahili usihangaike na ile ndogo, itakuandikia vituko. Chukua ya kati au kubwa, na kama mashine ni ya zamani iache ifanye kazi usiku. Nyumbani inatosha kompyuta moja yenye nguvu: wengine wanatupia rekodi kwenye ile folda ya pamoja, asubuhi wanakuta maandishi, na bando halijaguswa.

"Kama inajua Kiswahili, itaandika kikao chochote."

Ipe rekodi ya kikao cha ukoo uone. Mzee anaanza kwa Kiswahili, akikasirika anahamia Kichaga, na Kichaga hakimo katika lugha za Whisper. Badala ya kunyamaza, inabuni Kiswahili kinachofanana na ile sauti. Watu wawili wakisema kwa pamoja inamfuata mmoja, na haikuambii nani kasema nini. Mvua ya masika ikipiga bati, au pakiwa kimya muda mrefu, inaweza kuandika sentensi ambazo hakuna aliyezitamka. Muhtasari wa mgao wa kihamba, yaani shamba la ukoo, usiusaini kabla hujasikiliza rekodi yenyewe.

"Cha bure lazima kinapeleka sauti yako kwao."

Vingine ndiyo, vingine hapana, na kuna kipimo rahisi cha kuanzia: zima data na Wi-Fi, kisha ongea. Ikiendelea kuandika, inaweza kufanya kazi ndani ya mashine yako bila intaneti, ingawa nyingine zikipata intaneti hurudi kuituma sauti nje. Ikigoma, huenda sauti ilikuwa inakwenda kwa wenye programu. Kwa ujumbe wa kumwagiza mtu ndizi sioni shida. Kwa kikao cha mirathi, ningetumia ile isiyotoka nyumbani.