Udhibiti wa jeni kwenye ubongo unaokua, seli moja moja

Udhibiti wa jeni ni utaratibu unaoamua jeni gani isomwe, katika seli ipi, lini na kwa kiasi gani. Karibu seli zote za mwili hubeba DNA ileile yenye jeni takribani 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ini na nyuroni (seli ya neva) hutofautiana kwa kuwa kila moja husoma jeni zake na kuziacha nyingine zimefungwa.

Tutazame gamba la ubongo wa kijusi. Ukutani mwa ventrikali, yaani vyumba vya ubongo vyenye majimaji, kuna seli shina ziitwazo glia radiali, ambazo husoma jeni ya PAX6. Zikigawanyika, baadhi ya seli mpya huwasha jeni nyingine, EOMES, kwa muda mfupi tu. Hizo zimeshaanza safari ya kuwa nyuroni lakini bado hazijafika. EOMES ikizimika, jeni ya NEUROD2 hupanda, na seli husogea kuelekea nje na kuwa nyuroni ya kuchochea. Nyuroni za kutuliza huzaliwa sehemu nyingine, chini zaidi, kwa uongozi wa jeni kama DLX2, kisha husafiri hadi kwenye gamba.

Nani anawasha na kuzima? DNA imezungushwa kwenye protini za histoni, herufi 147 hivi za DNA kwa kila fundo. Mahali palipofunguka ndipo protini dhibiti hupata pa kushika. Promota, kipande kinachoanzisha usomaji, hukaa mwanzoni mwa jeni, lakini enhansa, kipande kinachoongeza usomaji, kinaweza kuwa mbali sana. Enhansa inayoongoza jeni ya SHH kwenye mikono na miguu iko herufi karibu milioni 1 kutoka kwenye jeni yenyewe, na kasoro ya herufi moja tu humo inaweza kuleta vidole vya ziada. Kwa hiyo jeni iliyo jirani na enhansa si lazima iwe ndiyo inayoongozwa nayo.

Ukisaga kipande kizima cha tishu na kupima RNA yake, yaani nakala zinazotolewa jeni inaposomwa, ukakuta EOMES imeongezeka maradufu, huwezi kujua kama kila seli inasoma zaidi au seli za aina hiyo ndizo zimeongezeka. Hapo ndipo kipimo cha seli moja moja kinapohitajika. Tishu mbichi hutenganishwa kwa vimeng'enya. Iliyogandishwa hutolewa viini vya seli tu, maana utando wa nje huwa umepasuka. Kila seli au kiini huingizwa kwenye tone dogo pamoja na shanga ya jeli yenye lebo, kwa kawaida ya herufi 16, na kila molekuli ya RNA hupewa lebo fupi ya peke yake ili nakala zinazozalishwa baadaye zisihesabiwe mara mbili. Kuona DNA iliyo wazi, hutumika kimeng'enya cha Tn5, ambacho hukata zaidi pale kinapopenya. Vipimo vyote viwili vinaweza kufanywa kwenye kiini kimoja.

Makosa huanza mapema. Vimeng'enya vikifanya kazi kwenye nyuzi 37, seli hushtuka na kuwasha jeni za FOS na JUN. Asiyejua atadhani ndivyo zilivyokuwa ndani ya ubongo. Tone likibeba seli mbili, anazuka kiumbe wa uongo. Ukiona DLX2 na NEUROD2 zote juu kwenye "seli" moja, shuku kwanza, usishangilie aina mpya. Na sifuri kwenye kipimo cha DNA iliyo wazi isikudanganye: kila eneo la DNA lina nakala mbili tu katika seli, hivyo mara nyingi sifuri maana yake kipimo kimelikosa. Wachambuzi hukusanya seli zinazofanana ili kupunguza tatizo hilo, lakini wakikusanya mno wanarudi kwenye wastani uleule walioukimbia.

Mpangilio wa seli kutoka changa hadi komavu nao hukadiriwa kwa kufanana kwao. Seli ikishapimwa imekufa, hakuna aliyeifuatilia ikikua.

Enhansa ikifunguka na jeni ikapanda katika seli zilezile, hiyo ni dalili. Uthibitisho huja kwa kuinyamazisha enhansa hiyo, kwa mfano kwa CRISPR (zana inayolenga sehemu maalumu ya DNA) isiyokata DNA, kisha kuangalia jeni ipi inashuka. Kwa ubongo wa binadamu jaribio hufanywa kwenye nyuroni za maabara au oganoidi (vibonge vidogo vya tishu vinavyokuzwa maabara kuiga ubongo), ambazo zina msongo wake na hazikomai sawasawa na tishu halisi.

Kazi yote hii ina matumizi makubwa kwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, ambako tofauti nyingi za kurithi zinazohusishwa nayo ziko nje ya sehemu za kutengeneza protini. Swali linakuwa: eneo hilo huwa wazi katika seli ipi, na katika umri gani? Lililofunguka ujauzitoni linaweza kuwa limeshafungwa kwenye ubongo wa mtu mzima, na sampuli ya mtu mzima isionyeshe chochote.