Pai ya Kambakoche ya Maine na Kiungo Chake cha Kijani

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, pai ya kambakoche aghalabu haina kinyunya cha unga. Nyama iliyokwisha kuchemshwa hupangwa katika bakuli la kuokea, kisha hufunikwa kwa biskuti za chumvi zilizopondwa na kulowanishwa kwa siagi, sheri kidogo, ambayo ni mvinyo mkali wa Jerez nchini Hispania, na rojo la kijani ambalo asiyelijua hulitupa akidhani ni uchafu.

Rojo hilo hukaa kifuani mwa kambakoche, likifanya kazi ambazo katika mwili wa binadamu hufanywa na ini na kongosho. Lina ladha nzito ya bahari kuliko nyama yenyewe, na ndiyo sababu wapishi wa zamani walilithamini. Hata hivyo, humo ndimo zinamojikusanya dioksini, yaani kemikali zenye sumu zinazochafua mazingira, na, mwani wenye sumu unapostawi baharini, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mamlaka za afya za Maine zinashauri lisiliwe, nami siliweki kabisa, hata pale pishi la asili linapolitaka.

Ladha hiyo naitafuta kwenye magamba. Nayaponda, nayakaanga polepole katika siagi hadi igeuke rangi ya chungwa, kisha naichuja. Rangi na harufu ya magamba huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo siagi hubeba mengi ambayo maji yangeyaacha. Nikipata jike mwenye mayai ndani ya mwili, nayaponda pia. Yakiwa mabichi huwa ya kijani kilichokaribia weusi, lakini joto huitenganisha rangi na protini iliyoishika, nayo hudhihirika nyekundu. (Jike aliyebeba mayai chini ya mkia, sheria ya Maine inamtaka mvuvi amrudishe baharini.)

Kambakoche wa pwani yetu hana yale magando makubwa yaliyojaa nyama, hivyo ongeza mikia. Kichwa na miguu yake hutoa siagi nzuri sana. Asiyetumia kileo achemshe magamba yaliyochujwa, aupunguze mchuzi wake motoni hadi uwe mzito, na aukamulie ndimu. Oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa takriban dakika 15, mpaka biskuti zibadilike rangi tu, kwa sababu nyama imeshaiva na kila dakika ya ziada huifanya iwe ngumu.