Kamera Haioni Pangaboi

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka tisa kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Eksirei haikuonyesha mvunjiko, kwa hiyo wenzetu wa mifupa wakamleta kwetu afundishwe kukikunja na kukikunjua taratibu. Nikamuuliza kapiga nini.

"Kabati la vyombo."

Ulikuwa unagombana na nani? Akainamisha uso. Mama ndiye aliyejibu: "Dokta, hakuna mtu. Alikuwa anapigana na vikatuni kwenye TV."

Mjomba wake alikuwa amewaletea mashine ya gemu iliyotumika, PlayStation 2 (PS2), na ndani ya boksi mlikuwa na kamera ndogo iitwayo EyeToy. Unaiweka juu ya runinga, unaichomeka kwa waya wa USB, kisha unajiona ndani ya skrini kama kwenye kioo, na vitu vya kuchezea vinaelea kukuzunguka. Hakuna pedi ya kushika. Unapiga kwa mkono wako, na mkono wa mtoto huyu ulifika kwenye kabati kabla ya kufika kwa adui.

Sony waliitoa kamera hiyo mwaka 2003. Wazo lilitoka kwa mhandisi wao Richard Marks, na michezo yenyewe ikatengenezwa na studio yao ya London. Diski ya kwanza, EyeToy: Play, ina vijigemu 12: kuna kusafisha madirisha kwa viganja, kuzungusha sahani juu ya vijiti, kupigana ngumi na roboti, hata kupiga danadana kwa kichwa. Wengi wetu tuliijua PS2 kwenye mabanda ya gemu ya mtaani, na kule ilikuwa soka tu, tena kwa foleni. Kamera hatukuiona. Sasa zinafika kwenye mizigo ya mitumba pamoja na Kinect, kamera ya gemu ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Novemba 2010, na hata asiye na mashine yoyote kati ya hizo anaweza kucheza michezo ya aina hiyo kwa kamera ya simu au ya kompyuta.

Ninaipenda michezo hii. Lakini mzazi akitaka icheze vizuri na isimlete mtoto kwetu, kwanza ajue kamera inaona nini.

EyeToy haijui mkono ni nini. Inachukua picha, inailinganisha na ile iliyotangulia, nukta kwa nukta. Palipobadilika ndipo inapohesabu kwamba umegusa. Na picha yenyewe ni hafifu: nukta 320 kwa 240, hazifiki hata elfu 77. Ndiyo maana pazia likipepea dirishani, gemu linadhani umepiga. Paka akipita nyuma ya kochi, umepiga. Mdogo wake akirukaruka pembeni kwa wivu, naye anakuongezea au kukuharibia pointi.

Mwanga nao una maneno yake. Ukisimama na dirisha mgongoni, kamera inaona kivuli cheusi chenye umbo la mtu. Chumba chenye balbu moja iliyochoka hakitoshi, na EyeToy yenyewe hulalamika kwa kitaa chekundu kinachowakawaka kuashiria giza. Shati jeusi na ngozi nyeusi mbele ya kochi la kahawia: mkono unapotea, mtoto anapiga kwa nguvu zaidi akidhani hajapiga vizuri, na hapo ndipo bega linapovutika. Washa taa iliyo mbele ya mchezaji, upande wa runinga. Nyuma yake tundika shuka jeupe lisilopepea ukiweza. Utashangaa jinsi mtoto anavyoacha kurusha mikono kama anayefukuza nyuki.

Upande wa pili wa habari ndio unaonihusu zaidi mimi. Kitu kilichotulia kamera hii haikijali kabisa. Meza ya kioo haisogei, kwa hiyo kwenye mchezo haipo. Ukingo wa kabati haupo. Pangaboi linazunguka, lakini liko juu, nje ya picha, kwa hiyo nalo halipo. Mchezaji macho yake yako ndani ya runinga na akili imeyafuata. Mwili umebaki sebuleni peke yake, bila msimamizi.

Kwa hiyo pima kwa mwili, usipime kwa macho. Mchezaji asimame mahali pake, anyooshe mikono, azunguke mzunguko mzima bila kugusa kitu. Kisha ongeza hatua moja kila upande, maana hatakaa hapo. Kila mchezo unamvuta kidogokidogo kuelekea kwenye skrini. Aruke mikono ikiwa juu. Kama vidole vinakaribia pangaboi, lizime mpaka mtakapomaliza, hata kama ni Januari ya Dar es Salaam na mnatoka jasho. Feni ya chini inatosha, mradi isiingie kwenye picha. Ondoa mkeka unaoteleza. Soksi juu ya vigae ni hatari kuliko gemu lenyewe. Miguu mitupu inashika sakafu vizuri. Kisha bandika tepu sakafuni, ile ya fundi umeme, kuonyesha mpaka. Wasiocheza wakae nje ya mpaka huo, kwenye kochi la pembeni, hasa wale wadogo wa miaka miwili na mitatu ambao vichwa vyao viko sawasawa na kiwiko cha kaka yao.

Kinect inafanya kazi tofauti. Inatupa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho na kupima kila sehemu iko umbali gani, kisha inakisia viungo vya mwili, 20 kwa kila mchezaji kwenye toleo la kwanza. Giza haliisumbui, lakini jua kali likiingia moja kwa moja linaizidi nguvu. Inahitaji nafasi: kama mita 1.8 kwa mtu mmoja na mita 2.4 kwa wawili. Kwenye chumba na sebule ya kupanga, ukishatoa kochi na meza ya runinga, mita 2.4 ni ndoto, kwa hiyo chezeni mmoja mmoja. Na kuna jambo ambalo waliotunga maelekezo nadhani hawakuwa na shangazi zangu akilini: dera na kanzu. Nguo pana inaficha magoti, kamera inabaki kubahatisha, na mguu wako kwenye skrini unapinda kwa namna ambayo hakuna mguu unapinda. Jifunge kibwebwe, safari hii kwa maana yake halisi, juu ya suruali au taiti.

Sasa mwili wenyewe. Watu hudhani hatari iko miguuni, kumbe michezo mingi ya kamera ya EyeToy inakula mabega. Kusafisha madirisha ni kuinua mikono juu ya kichwa na kuizungusha haraka bila kupumzika. Mtoto hupona usiku mmoja. Baba wa miaka 45 anayeshinda ofisini, akitaka kumshinda mwanawe raundi sita mfululizo, kesho yake hafikii mkanda wa kiti cha gari. Mwaka 2007 daktari mmoja wa Hispania aliandika kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine jinsi bega lake mwenyewe lilivyouma baada ya kucheza kwa saa nyingi tenisi ya Nintendo Wii, mashine ya gemu inayochezwa kwa kupunga rimoti. Kwa hiyo zungusha mabega dakika tatu kabla ya kuanza, na badilisha: mchezo mmoja wa mikono juu, unaofuata uwe wa kichwa au wa kuruka.

Je, ni mazoezi? Nusu ndiyo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumtoa pumzi. Watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwapa watoto wa miaka 9 hadi 12 michezo ya Wii ya kujongea: haikuwafanya wajongee zaidi kwa ujumla kuliko wenzao waliopewa michezo ya kukaa. Sishangai. Kamera ya EyeToy nayo inapima mabadiliko ya picha, haipimi juhudi, na watoto huligundua hilo ndani ya wiki moja. Nimemwona mmoja ameketi kwenye stuli karibu na kamera anatikisa kofia tu, na pointi zinamiminika. Mpira wa uwanjani haudanganywi hivyo. Gemu hili ni la siku ya mvua, au la jioni pale ambapo nje hapafai.

Kwa wazee lina faida nyingine. Watafiti wa Israel waliijaribu EyeToy kwa waliopata kiharusi na kuchapisha kazi yao mwaka 2008, kwa sababu ni rahisi na mgonjwa anajiona mwenyewe akifikia kitu. Lakini gemu halina huruma, halimngojei mwenye mkono mzito. Mwenye presha, mwenye kiharusi cha karibuni au kizunguzungu aanze akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na magurudumu, mtu akiwa pembeni, na aulize kwanza anapotibiwa. Mwenye kifafa aulize pia, maana mwanga unaometa kwenye skrini huwaamsha wengine degedege.

Kuhusu picha zenu nitasema machache, kwa kuwa si fani yangu. EyeToy ya zamani inaishia kwenye waya wake. Programu ya simu inaweza kupeleka picha mbali, na kamera haichagui: inachukua na bibi anayetoka kuoga na kanga yake. Jaribu kuzima data. Mchezo ukiendelea vizuri, angalau hautegemei intaneti kukuona. Ukiisha, nyang'anya programu ruhusa ya kamera. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019, zote zinamlinda mtoto pia.

Yule kijana alirudi baada ya wiki tatu, kidole kinakunjika vizuri. Kabati limehamishiwa jikoni. Nilimuuliza kama bado anapigana na vikatuni, akasema zamu yake haifiki tena: bibi akianza madirisha hataki kutoka.