Tawi Lisiloonekana Ndilo Lenye Mawe

Juma hili nimeletewa tena picha za ERCP (eksirei ya mirija ya nyongo, inayopigwa baada ya kuijaza dawa ya kontrasti kupitia endoskopu) zenye maelezo kwamba "mirija ya ndani ya ini ni safi", ilhali mgonjwa mwenyewe amerudi kwa mara ya tatu na homa, kutetemeka na macho ya manjano. Picha zile hazikuwa safi, zilikuwa pungufu: matawi ya B6 na B7, yaani yale ya nyuma upande wa kulia wa ini, hayakuwamo kabisa, na hakuna aliyeyahesabu.

Katika ugonjwa wa mawe ya ndani ya ini, ambao madaktari wa Taiwan na Korea wameuzoea kuliko sisi, jiwe la kahawia likikwama nyuma ya sehemu ya mrija iliyosinyaa huzuia kontrasti isipite, hivyo tawi lililojaa mawe kuliko yote ndilo linalotoweka kwenye eksirei. Asomaye picha bila kuhesabu matawi husoma yale tu yaliyokubali kujaa.

Mlango wa mrija wa nyongo ukishakatwa ili kuupanua, kontrasti hurudi kwenye duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo) na ini hubaki kavu. Ndiyo maana ninajaza puto la katheta, lizibe mrija, chini kidogo ya njia panda ya mirija na kuingiza dawa juu yake. Katheta itolewe hewa kwanza, kwa kuwa viputo hufanana na mawe, na dawa izimuliwe, maana ikiwa nzito huyafunika mawe madogo.

Linaloniudhi zaidi ni mlalo wa mgonjwa. Kontrasti ni nzito kuliko nyongo, na mgonjwa akilala kifudifudi matawi ya kushoto, ambayo yako mbele, ndiyo yanayokuwa chini na kujaa upesi, huku yale ya nyuma ya kulia yakiwa yameinuka. Mgeuzeni alale chali kabla ya kuandika neno "safi". Ni kazi ya dakika chache, nayo huachwa kila siku.

Hata hivyo puto halinipi utulivu. Shinikizo lake laweza kusukuma vijidudu hadi kwenye damu, na tawi lililojazwa bila kupata njia ya kutoa nyongo hufanya usaha. Mimi hufyonza nyongo kwanza, kisha huingiza dawa kidogo kidogo. Lakini nisukume hadi wapi, bado hujiuliza kila ninaposhika sindano, na zipo siku nilizoliacha tawi bila kulijaza nikitegemea MRCP (picha ya MRI ya mirija ya nyongo) iliyotangulia. Siku hizo niliandika kwenye ripoti: "B7 haikujaa."