Dhana potofu kuhusu joto ndani ya aloi za semikondakta

Kwenye joto la kawaida la chumba, silikoni safi hupitisha joto kwa kiwango cha wati 148 hivi kwa mita kwa kila kelvini. Gerimani ni 60 hivi. Ukiuliza mchanganyiko wa nusu kwa nusu utapitisha kiasi gani, wengi watakujibu mia na ushei. Jibu sahihi ni chini ya 10.

Kinachotupoteza ni kufikiri kwamba elektroni ndizo zinazobeba joto, kama kwenye shaba. Katika semikondakta kama silikoni na gerimani, mbebaji mkuu ni mitetemo ya atomu, yaani fononi. Atomu ya gerimani ni nzito kuliko ya silikoni kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Zinapochanganyika bila mpangilio, kila fononi inayopita hukutana na uzito usioutarajia na kutawanywa. Aloi hiyo, yaani mchanganyiko huo, ndiyo iliyotumika kugeuza joto kuwa umeme kwenye vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977, kazi inayodai upande mmoja ubaki moto na mwingine ubaki baridi.

Hapo ndipo huzaliwa dhana ninayoiona kuwa sugu kuliko zote: kwamba aloi tayari imejaa vikwazo, kwa hiyo hata ukiipunguza unene hadi mikromita 1 upitishaji wake wa joto hautabadilika. Ukweli ni kinyume kabisa. Atomu iliyo peke yake huvunja vizuri mawimbi mafupi tu. Mawimbi marefu huipita, kama wimbi kubwa la bahari linavyozipita nguzo za gati huku viwimbi vidogo vikivunjika. Basi joto linalobaki kwenye aloi hubebwa zaidi na fononi za mawimbi marefu, ambazo husafiri mbali sana kabla ya kugongana. Ukiipunguza aloi, hao wasafiri wa mbali ndio wa kwanza kuzuiwa.

Watafiti Yee Kan Koh na David Cahill walilionyesha hilo mwaka 2007 kwa leza. Walipasha uso wa sampuli kwa kuwasha na kuzima haraka. Kadiri mapigo yalivyoongezeka kasi, ndivyo joto lilivyoingia kina kifupi zaidi, kutoka mikromita chache hadi chini ya 1. Kiwango kilichopimwa kwenye aloi kilishuka. Kwenye silikoni safi, ambayo wengi wangeitarajia ibadilike kwanza, hakikutikisika.

Je, kanuni ya Fourier ya mwaka 1822, inayokadiria mwendo wa joto kwa namba moja ya upitishaji kwa kila kitu, imekufa? Hapana, kwenye vipande vikubwa bado inatosha.

Mwaka 2015 Bjorn Vermeersch, Ali Shakouri na wenzao walieleza mwendo huu kwa hesabu za Lévy: hatua nyingi fupi, na mara mojamoja mruko mrefu. Mwendo huo huitwa usambaaji wa kasi kupita kawaida, na jina hilo limewafanya watu waamini kwamba kifaa kitapoa upesi. La hasha. Karibu na chanzo, mwanzoni, joto huondoka polepole kuliko Fourier anavyokadiria. Kasi yake huonekana baadaye, linapofidia lilipochelewa. Mhandisi anayechukua namba ya upitishaji ya jedwalini, ya vipande vikubwa, kwa transista ndogo ya silikoni na gerimani atapata makadirio ya chini kuliko joto halisi la kiini chake.